Soprano Hawamo Ndani ya Spika Hii

Matulo,
Jumapili, 9 Februari 2025

Makokha, mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu kwanza, maana hata mtu uliyemkasirikia husalimiwa. Huku tu wazima. Ng'ombe mweusi alizaa Jumatano, ndama jike, ana doa jeupe usoni kama aliyechungulia ndani ya gunia la unga. Shamba limelimwa mara moja, tunangoja mvua. Goti langu la kushoto hunisumbua asubuhi, ikifika saa nne linasahau. Mwambie mkeo Emmy majani ya chai yalifika, ila sukari aliyosema ameweka iliteremka njiani na kwenda kwake.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Spika yako imefika. Wekoye aliipokea kwa dereva pale Misikhu, akakaa nayo siku mbili kwenye duka lake la kushona, akaniletea Ijumaa imejaa nyuzi kama kondoo.

Unajua kwa nini niliiomba. Mwaka huu kamati ya mashindano haikutuma noti. Zamani tulipewa karatasi, d r m f zimepangwa kwa mstari, mtu anasoma, anaimba, anakwenda nyumbani. Sasa wametuma kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, wimbo umerekodiwa humo, ati kila kwaya isikilize ijifunze. Mashindano ni tarehe 23 Agosti, Bungoma mjini. Nimesimama mbele ya kwaya hii miaka thelathini na mmoja, na mwaka jana kuna wazee wa kanisa waliosema nipumzike. Tukiaibika Agosti hii watanipumzisha, nami sina kazi nyingine ninayoipenda duniani. Ndiyo maana nilikuomba chombo, wewe ukanitumia mdoli.

Ukiiwasha, kuna mwanamke anayepiga kelele kwa Kiingereza kwamba yuko tayari. Nani alimwuliza? Kisha taa zinaanza kukimbizana, nyekundu, kijani, buluu, kama baa za Webuye mwisho wa mwezi. Taa nimezifunika kwa plasta ya kidonda. Mwanamke sijui nimfunike na nini. Besi yake ni mtu anayepura maharagwe ndani ya gunia. Kwenye boksi imeandikwa itaimba masaa kumi na mawili bila chaji. Iliimba mawili na nusu ikafa, hata neno la kuaga hakuna.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kisichomezeka ni hiki: soprano hawamo ndani ya spika hii. Nimewatafuta. Nimeigeuza mbele, nimeigeuza nyuma, nimeiweka juu ya kabati, nimeiweka chini. Alto wapo kwa mbali, tenor wapo, besi wapo kupita kiasi. Soprano ni kama wamebaki nyumbani kufua. Nitafundishaje wimbo wa sauti nne kwa chombo chenye sauti tatu?

Nilisahihisha vitabu vya watoto wa watu miaka thelathini na minne na sijawahi kumwonea mtu. Spika yako naipa mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya rangi.

Ni mimi senge wako, dada wa baba yako,
Jentrix Nabwile


Kibomet, Kitale
4 Machi 2025

Senge wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Sisi tupo. Baridi ya hapa asubuhi bado inang'ata, mtu anafungua duka akiwa amevaa kofia mpaka machoni. Mtoto ameota meno mawili na ameanza kuyajaribu kwa kila mtu. Emmy anaapa kwa mbingu kwamba sukari aliiweka. Pole kwa goti, hongera kwa ndama.

Nilikupigia simu mara nne baada ya barua yako ili tuelewane haraka. Iliita mpaka ikachoka. Basi naandika, ingawa tangu shuleni sijapenda kalamu, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Senge, spika ile ni Bosonik. Watu wa Kibomet wanainunua kama chapati. Kinyozi anayo, mama wa mandazi anayo, hata kanisa moja la hapa wameitundika ukutani na watu wanaokoka. Kabla sijaituma nilimwita Adan, fundi wa redio wa mlango wa pili, anayefungua redio kama watu wengine wanavyomenya ndizi. Tuliiweka juu ya kaunta tukacheza taarabu moja ya mama mwenye sauti nyembamba. Adan alisema, "Iko sawa kwa bei yake, bana." Mimi pia nilimsikia yule mama vizuri.

Labda ulikaa mbali. Labda plasta ya kidonda imeziba mahali. Na wengine je, walipoisikiliza walisemaje? Wekoye ana maoni gani?

Usinikasirikie. Nakumbuka vizuri ulivyonitoa kwenye kwaya nikiwa na miaka kumi na mitano, mbele ya kanisa zima, kwa noti moja. Ulisema sauti yangu imekuwa kama mlango wa zizi. Sasa mlango wa zizi unauza spika, na wewe ni mteja. Dunia ni duara.

Wako mtiifu,
Makokha


Matulo,
23 Machi 2025

Makokha,

Salamu zako nimezipokea. Mvua imefika, tumepanda juzi, mgongo wangu unaijua kila mbegu. Ndama anakua. Mama Wafula wa ng'ambo ya mto amefariki, tulimzika Jumamosi, kwaya iliimba vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa nilikuwa mbele.

Umeandika kurasa mbili kunieleza kwamba kinyozi ana spika kama yangu. Mimi sijaomba ushauri wa kinyozi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndiyo sababu Kibomet nzima mnaikimbilia. Kuhusu simu, simu ni ya watu wasio na subira ya kuandika. Mtu akiwa na jambo la maana na aliandike, aone aibu yake mwenyewe kabla hajanitumia.

Sikiliza sasa ilivyonitenda Alhamisi. Watu ishirini na wawili wameketi kanisani, nimesema kimya, nimebonyeza. Badala ya wimbo wa mashindano yakatoka mambo ya disko, kijana fulani anaimba juu ya kiuno cha msichana, ndani ya kanisa, kwenye meza ya Bwana. Kumbe spika yako haina mlango, simu yoyote inayopita inaingia. Ilikuwa simu ya mwendesha boda aliyesimama nje kujikinga mvua. Spika ya namna gani haimjui mwenye mali?

Ijumaa nikasema tufanyie mazoezi nje, simu yangu niliyotia ile kadi nikaiacha kwenye ukuta, spika chini ya mti. Ng'ombe wa mchungaji akapita katikati. Wimbo ukakatika. Ng'ombe akasimama kutafakari, nasi tukasimama tukimngoja atoke ili tumwimbie Mungu. Alipotoka, wimbo ukarudi. Nimeishi miaka sitini na minane sijaona redio inayozuiwa na ng'ombe.

Umeniuliza Wekoye alisemaje. Nilimwuliza kama anawasikia soprano. Akatazama viatu vyake akasema, "Nawasikia, Mwarimu. Kidogo hivi, lakini si wako humo?" Wekoye ni tenor, na tenor husikia anachokitaka. Wengine nao wakasema wanawasikia, mmoja baada ya mwingine, kama watoto walionakiliana hesabu. Nimewadharau wote.

Nategemea kile chuma changu cha meno mawili cha kupimia sauti. Hicho hakidanganyi. Siku hizi nikikigonga sikiweki sikioni tena, nakiuma kwa meno, sauti inatulia zaidi. Nakushauri ukijaribu kabla hujauza takataka nyingine.

Pasaka uje. Kuku yupo.

Senge wako


Kibomet,
29 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Asante kwa Pasaka. Yule kuku hata leo tunamzungumza. Tulifika salama, mtoto alilala njia nzima. Emmy amepanda mboga ulizompa kwenye magunia nyuma ya nyumba na anazinyunyizia maji kama anazibatiza.

Senge, nimeianza barua hii mara tatu. Karatasi mbili nimechoma.

Kanisani nilisimama nyuma pamoja na besi, kwa ruhusa ya Wekoye, si kwa ruhusa yako. Niliona jambo ambalo sitaliandika. Unajua kwetu senge haambiwi kasoro yake. Mtoto wa kaka akimvunjia senge heshima, neno atakalolitamka senge linamfuata mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo sisemi kitu juu yako. Nasema juu yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa masikio. Kuna mama mmoja hapa Kitale anaitwa Chepngeno, kazi yake ni hiyo tu. Anakuvika vitu vya masikioni, unasikia mlio mdogo, unainua mkono. Hakuna sindano, hakuna kuvua nguo. Mtu anatoka na karatasi yake na heshima yake. Nikawaza kwamba ukija huku siku moja kumwona mtoto, tunaweza kupita pale kama watu wanaopita tu.

Maana, Senge, spika ikisikika vizuri kwa watu ishirini na mmoja, na mmoja aseme soprano hawamo, mimi kama mfanyabiashara nitaanza kutazama upande gani?

Nisamehe kama nimekosea.
Makokha


Matulo,
4 Mei 2025

Makokha,

Ng'ombe hajambo. Mahindi yamefika magotini.

Barua yako nimeisoma. Nilikufundisha wewe kusoma, nilikufundisha d r m, nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Usiniandikie juu ya viungo vya mwili wangu. Niandikie juu ya spika.

Wekoye ameibeba mpaka Misikhu. Nimeifunga ndani ya kitenge kikuukuu ili mtu asione nilichokuwa nacho. Tutajifunza wimbo bila hiyo.

Debe tupu haliachi kuvuma, na sisemi ni lipi kati ya mawili.

J. Nabwile


Kibomet,
22 Juni 2025

Senge,

Sijui kama utaifungua barua hii. Nimenyamaza wiki saba, na si kwa kiburi. Niliogopa. Mtoto alipata homa mwezi uliopita, Emmy akaniuliza usiku kucha kama senge amesema neno. Nikamwambia hapana, senge amenyamaza, na Emmy akasema hilo ni baya zaidi. Mtoto amepona. Sasa anasimama kwa kushika meza.

Nitaandika yote, uamue mwenyewe.

Spika ilipofika, Adan aliifungua. Sikumwomba, aliichukua tu kwenye kaunta akiwa anangoja chai. Akaniita. "Makokha, kuja uone maajabu." Senge, ndani mlikuwa na kipande cha saruji, kimebandikwa kwa gundi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi yake ni kuifanya iwe nzito ili mnunuzi aishike aseme hii ni mali. Na ile mboni ndogo ya juu, inayotakiwa kutoa sauti nyembamba, haina waya. Haijaunganishwa na kitu. Ni pambo. Adan aliing'oa kwa ukucha akanipa mkononi.

Kwa hiyo ulisema kweli. Soprano hawakuwamo. Kilichosikika ni kile kikubwa cha besi kikijitahidi kufanya kazi ya wawili, na masikio yetu ya sokoni yakatosheka nacho. Katika kwaya nzima wewe pekee ulikataa.

Sasa la pili, na hili ndilo lililonifanya nichome karatasi. Spika ile haikuwa mpya. Wateja watatu walikuwa wameirudisha kabla yako. Kinyozi ni mmoja wao. Niliijua ni mbovu nilipoifunga. Nilikutumia kwa sababu Wekoye alikuwa ameniambia Desemba kwamba siku hizi husikii vizuri, nami nikajiambia kwa moyo wangu, senge hatatambua. Ndivyo nilivyowaza, Senge. Mtu aliyenilea. Nilikudharau, nikaifunga kwa karatasi nzuri ya zawadi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetubu na ungekuwa umeshinda. Lakini siwezi kuishia hapo.

Siku ya Pasaka uligonga chuma chako, ukakiuma, ukawapa kwaya sauti ya kuanzia. Hawakuanzia hapo. Wekoye alivuma mdomo ukiwa umefungwa, juu ya sauti yako, na wote wakaanza na ya Wekoye. Wote, Senge, bila kutazamana, kama watu waliozoea. Ubeti wa pili soprano wawili wakapotea mpaka mwisho na hukuinua jicho. Nikasema labda ni huruma ya Pasaka. Ubeti wa tatu niliimba mimi. Niliimba vibaya kusudi, kwa nguvu zote, hatua nne kutoka ulipo. Ule mlango wa zizi wa zamani. Watu walinigeukia. Wewe uliendelea kupunga mikono huku unatabasamu.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha kanisa nikalia.

Kwa mkono wa Wekoye nakutumia spika nyingine. Si yangu, ni ya Adan mwenyewe, ya kutumia nyumbani kwake, imetengenezwa na watu wenye haya. Amekubali itoke kwa sababu nilimweleza ni ya senge. Tia kadi ile ile, wimbo ule ule. Uisikilize ukiwa peke yako. Soprano wakiimba, basi mimi ni mjinga na mwizi, na utanilaani kwa haki. Wasipoimba, Chepngeno yupo kila Jumanne.

Makokha


Matulo,
13 Julai 2025

Makokha,

Tumekula mahindi ya kwanza. Ya kuchoma. Meno yangu bado yanaweza. Ndama amekatazwa kunyonya na analia siku nzima, au ndivyo majirani wanavyoniambia.

Wewe ni mtu wa ovyo. Nataka hilo litangulie. Umemuuzia kinyozi saruji. Umemtumia senge wako kitu kilichotupwa na kinyozi. Baba yako alikuwa maskini lakini hakuwahi kumpimia mtu gunia lenye mawe. Ningekuwa na mkono wa kufika Kibomet ungeisikia barua hii shavuni.

Spika ya Adan ilikuja Ijumaa. Ni nzuri kuishika. Haina mwanamke, haina disko. Nilifunga mlango baada ya chakula cha mchana nikaiweka mezani jikoni. Nikatia kadi. Nikakaa.

Besi walikuja. Tenor wakaja. Nikangoja.

Nikaongeza sauti mpaka vijiko vikatikisika kwenye sahani. Nikangoja wimbo mzima. Nikarudia. Mara ya tatu niliinama, sijui kwa nini, nikaweka taya langu juu yake kama ninavyouma chuma changu. Ndipo soprano wakaja, Makokha. Walipita kwenye mfupa. Walikuwapo wote, wanaimba juu kabisa, wazuri, na walikuwapo tangu mwanzo. Nikainua kichwa, wakaondoka. Nikakilaza, wakarudi. Nilikaa hivyo mpaka chaji ikaisha, na hiyo ya Adan haiishi upesi.

Mficha maradhi kilio humfichua. Niliwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, nikawapa na mfano.

Nakuja Jumanne na gari la asubuhi. Usinipokee na Emmy, usinipokee na mtu. Hatupiti pale kama watu wanaopita tu. Tunakwenda.

Sijakusamehe.
Senge wako


Matulo,
7 Septemba 2025

Makokha,

Salamu kwako, kwa Emmy, na kwa huyo mtembeaji mpya. Tumevuna maharagwe, mahindi bado yanasimama. Ndama ameuzwa kwa mchungaji, sasa yuko na yule ng'ombe wa kuzuia redio.

Kifaa cha Chepngeno bado kiko sikioni. Kinabana. Nikitafuna nasikia kama ng'ombe yuko chumbani, na sikujua kuku wana kelele za miguu. Nakipa sita kwa kumi. Chepngeno mwenyewe nampa tisa, kwa sababu aliponiambia hakutazama viatu.

Uliondoka Bungoma upesi siku ile ya mashindano, najua ulikwepa macho yangu. Umeshaona tulikuwa wa pili kati ya kwaya tisa. Umeona pia kwamba aliyesimama mbele ni Wekoye na mimi nilikuwa katikati ya alto, na nadhani uliogopa kuniuliza. Nitakueleza.

Alhamisi ya kwanza baada ya kupata kifaa nilikwenda mazoezini na kitambaa kichwani, hakuna aliyekiona. Niligonga chuma, nikakiuma, nikawapa sauti. Nikamsikia Wekoye. Mara ya kwanza nikamsikia, anavuma pale pale chini ya pua yangu, na wote wakamfuata. Nikawaacha waimbe mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na orodha.

Waliimba vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Wangekuwa wabovu ningewakaripia na kazi ingekuwa yangu bado. Walikuwa wamenyooka, soprano wako mahali pao, na mimi mbele nikipunga mikono kama mtu anayefukuza nzi.

Nikavua kitambaa. Nikauliza, tangu lini? Wekoye akasema, "Miaka miwili, Mwarimu." Nikauliza, mbona hakuna aliyeniambia? Mama mmoja wa soprano akasema, "Si wewe ni senge ya watu wote hapa? Nani atasema? Ati wewe ungesema?"

Nisingesema. Najijua. Ningesema tu kama ni kwa mtu mdogo, mwenye miaka kumi na mitano, asiye na neno la kunilaani.

Nikampa Wekoye chuma changu. Hakukiuma. Alikiweka sikioni kama mtu mzima. Katika miaka yangu thelathini na mmoja mbele ya kwaya hii hatujawahi kupita nafasi ya nne. Yeye siku yake ya kwanza, wa pili. Nimelia juu ya hilo siku mbili, na ya tatu nimefua nguo.

Sasa jambo la biashara. Usiitafute ile Bosonik chini ya kaunta yako. Siku niliyokuja niliibeba kwenye mkoba, ikiwa na saruji yake. Sikutaka uiuze mara ya tano, na pia nilitaka kutenda haki, maana niliihukumu nikiwa na masikio mabovu, na mwalimu akigundua alisahihisha bila miwani hurudia. Nimeisikiliza jana kwa kifaa, wimbo mzima, mara mbili. Mwanamke yule bado yuko tayari. Soprano bado hawamo. Tenor niliokuambia wapo, hawapo vizuri. Nilikupa mbili kwa kumi, na ulikuwa upendeleo wa jamaa. Ni sifuri. Hata rangi imeanza kubanduka.

Kinyozi urudishie haki yake. Nitamwuliza.

Na Krismasi uje Matulo. Nilikutoa kwa noti moja mbele ya watu wote, nao hawa walinivumilia noti zote kwa miaka miwili. Nimeongea na Wekoye. Utasimama pale pale nilipokutoa, kwenye mstari wa besi, nami nitakaa benchi la mbele na kifaa changu kikiwa kimewashwa mpaka mwisho. Imba sawasawa, mwanangu. Mara hii nakusikia.

Senge wako,
Nabwile